Mbwa Asiyeitika

Musyoka aligonga sufuria kwa kijiko nyuma ya kichwa cha mbwa. Mbwa hakushtuka. Aliendelea kulamba kovu la mguu wake, pale fisi alipomtafuna.

"Basi ni masikio," Musyoka alisema.

Yeye ndiye daktari wa mifugo wa Modogashe, na ndiye aliyemdunga streptomaisini mpaka kidonda kikafunga. Alimweleza mwenye mbwa, mjane aitwaye Idman, bila kuficha kitu: dawa ile ikitumika kwa muda mrefu huweza kuua masikio, na yakishakufa hayarudi.

Idman alimkazia macho mpaka akamaliza. Wanawake wengine wa pale huinamisha uso wanapozungumza naye. Huyu alimtazama kama anayetafuta uongo mdomoni mwake.

Warsame, shemeji wa Idman, alikuwa amesimama nyuma ya mjane huyo na kamba mkononi. Akasema mbwa asiyemsikia fisi hana kazi, na kwamba atampeleka kwa askari akapigwe risasi. Idman hakumjibu, wala hakugeuza shingo. Musyoka alikuwa hajaona mwanamke akimdharau mwanamume wa ukoo waziwazi namna ile. Ikabidi Warsame azunguke mbele yake na kurudia maneno yale yale.

"Huyu alibigana na fisi kwa ajili ya mbuzi zangu," Idman alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye maduka. "Ukitaka kumfunga kamba, anza na mimi."

Warsame akatazama pembeni. Musyoka akajaribu kumsaidia: akasema kumpiga mbwa risasi kungekuwa huruma tu, kwa sababu kiumbe kisichosikia hakiwezi kuishi porini.

"Nani alikwambia, daktari? Hata mimi nilidungwa hiyo sindano yako, hosbitali, ya kifua. Nikabona. Mbuzi zangu anachunga nani?"

Musyoka hakuona kifua chake kilihusiana vipi na mbwa.

Idman akakanyaga ardhi kwa kishindo. Mbwa akainua kichwa, akamtazama. Idman akanyoosha mkono upande wa mbuzi, na mbwa akaondoka akichechemea, akawazunguka, akawaleta wote pamoja. Warsame akaikunja kamba yake polepole. Idman akashika njia nyuma ya mbuzi wake bila kumuaga yeyote.

Walikuwa wameingia barabarani lori lilipotokea nyuma yao, limesheheni magunia. Dereva akapunguza mwendo, akapiga honi, kisha akaishikilia. Watu wakatoka madukani kutazama. Mbuzi wakaruka kando, huku na huku, mpaka hata mdogo wao akatoka barabarani.

Katikati ya barabara wakabaki wawili, wakitembea taratibu mbele ya lori. Mbwa hakugeuka. Idman naye hakugeuka.