Matone ya Kwanza

Siku nyumba ile ilipopungukiwa mtu, dada wa mgonjwa alikuta damu mlangoni mwa wodi, imeburuzwa na magurudumu ya kitanda hadi kwenye lifti.

Kaka yake alikuwa juu ya kitanda hicho. Damu ilimtoka mdomoni kwa mabonge, na mpira waliomwachia tumboni baada ya kumkata saratani ya kongosho ulikuwa ukimwaga kama bomba lililopasuka. Nesi alikimbia kando yake akikamua mfuko wa damu kwa mikono miwili. Hata hapo, kaka alimrushia ngumi.

"Ndiye huyo," dada mtu aliwaza, karibu ajivunie. "Hakubali kushindwa."

Lifti ikajifunga.

Wifi yake alikuwa amesimama ukutani, macho makavu, mkoba wake mkubwa miguuni. Tangu siku ya upasuaji dada mtu alikuwa akimtania juu ya mkoba huo: "Wifi, umehamia wodini? Bado kabati tu." Leo hakutania.

"Daktari alituambia sote wawili. Tukiona damu kwenye mpira, hata kidogo, tubonyeze kengele, maana ile kubwa iko nyuma yake. Wewe uliiona?"

"Niliiona. Matone tu."

"Ukafanya nini?"

Wifi aliutazama mkono wake wa kulia. Vidole viwili havikunyooka tena tangu mumewe alipovibana na mlango, makusudi. Siku ile dada mtu ndiye aliyevifunga kitambaa. "Vumilia, wifi," alimwambia. "Hasira zake zinawaka kama karatasi, hazikawii kuzima."

"Kwanza nilikaa nikayatazama," wifi alisema.

Kofi la kwanza lilimtoka dada mtu bila kujua. La pili alilipiga akijua.

"Muuaji! Umemuua kaka yangu!"

Wifi hakujikinga. Alifuta damu mdomoni, akaketi kwenye kiti kando ya pale kitanda kilipokuwa.

Dada mtu alishuka hadi mlango wa chumba cha upasuaji, akaanguka chini akilia kama mtu aliyekwisha kufiwa. Daktari alipotoka, aproni yake ilikuwa nyekundu hadi magotini.

"Inuka, mama. Tumepitisha waya kwenye mshipa wa paja, tukauziba ule uliopasuka. Yu hai. Mshukuru mkewe. Alibonyeza kengele ikiwa bado matone. Mshipa ulipopasuka, damu ya kumwongezea ilikuwa tayari. Angesita zaidi, ningekuwa nakupa pole."

Dada mtu alipanda ngazi mbio, maneno ya kuomba radhi yamemjaa mdomoni.

Kwenye kiti palikuwa na ufunguo wa nyumba. Mkoba haukuwepo.

Sasa kaka yuko nyumbani, nguvu zimemrudia, na anayemhudumia ni dada mtu. Jana supu ilikuwa imepoa kidogo, na bakuli alilorushiwa likampasua juu ya jicho.