Hesabu ya Jioni Ghalani

Kalisti alichuchumaa mwishoni mwa mstari, mikono kichwani, akimwomba Mungu askari asimtazame usoni.

Lilikuwa ghala la mahindi karibu na stesheni ya Mpanda, mwaka 1974, mwaka ambao mvua zilikatika mapema na mpunga wa Usevya ukakaukia majarubani. Tangu alfajiri wafungwa na vibarua walikuwa wamebeba magunia bega kwa bega, vifua wazi, hadi vumbi likawafanya wote wa rangi moja.

Adhuhuri wafungwa waliletewa ugali na maharage. Vibarua walikaa upande wa pili, wakinywa maji. Mmoja wao alinung'unika kwamba ujira wa siku haununui hata unga wa kuwashibisha watoto wawili. Manyanda, msimamizi wa ghala, alicheka.

"Nyie mmekuja kwa miguu yenu. Nani kawafunga? Wa kulalamika ni wale pale."

Kalisti aliyasikia hayo. Siku nzima aliwaza jambo moja tu: kupita lango jioni bila kutambuliwa. Akitambuliwa, angerudishwa kulekule alikotoka, na kule asingemaliza mwezi akiwa hai.

"Acha kutetemeka, bwana," alinong'ona Gelasius, mfungwa aliyechuchumaa mbele yake. "Utatuponza wote."

"Nikirudishwa nitakufa, kaka."

"Inamisha kichwa basi. Afande hatazami sura, anahesabu migongo."

Askari akaanza. Wafungwa huchuchumaa wawili wawili, naye huigusa kila jozi kwa rungu. Jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwishoni mwa mstari rungu likasimama. Ubavuni pa Kalisti hapakuwa na mtu.

"Mwenzako yuko wapi?"

Kalisti alizidi kuinamisha kichwa. Askari akapuliza filimbi. Manyanda akaja mbio, akafunga lango.

"Katoroka mtu?"

Askari alihesabu upya, mmoja mmoja, kwa sauti, jasho likimtiririka. Alipofika mwisho alisita, akahesabu tena.

"Asubuhi nilikabidhiwa kumi na wawili," alisema taratibu. "Hapa wapo kumi na watatu."

Manyanda aliinama, akauinua uso wa Kalisti kwa kidole.

"Huyu si wako, afande. Ni kibarua wangu. Huyu yuko huru."

Kalisti aliikumbatia miguu ya askari.

"Nichukue, afande. Nakusihi, usiniache."