Vali ya Bibi

Siku ya arobaini ya bibi, Shangazi Mashavu aliweka chupa mkekani. Ndani yake ilielea vali ya moyo, mlango mdogo wa kupitishia damu, iliyoshonwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. Ilikuwa imefanya kazi katika vifua vitatu vya ukoo wetu, cha mwisho kikiwa cha bibi, miaka mia na kumi, wala haikuota hata chembe ya chokaa. Shangazi alipoitikisa chupa, vilango vyake vilifunguka na kufungika taratibu, laini kama kope za mtoto mchanga.

"Subhanallah," nikanong'ona.

"Sheria hairuhusu ikae bure baada ya arobaini," alisema. "Ukoo umekuchagua wewe, Sikudhani."

"Lakini shangazi, moyo wangu ni mzima!"

Akanipapasa kifuani.

"Hata wa bibi yako ulikuwa mzima, mwanangu."