Chuma cha Shaweji

Siku mume wangu Shaweji alipofariki, hospitali ilinikabidhi chuma kilichotolewa kwenye damu yake, kijiti chembamba kama msumari. Sheria inataka chuma cha marehemu kigeuzwe kifaa cha kazi. Kikikaa bure, serikali hukichukua.

Nilikifunga kwenye mashine ya kukereza aliyoiacha Shaweji ili nikichonge kiwe msharasi wa kushonea viatu. Kilizunguka kikimeta kama maji, na kisu cha mashine kikateleza juu yake.

“Kaka yangu mbishi hata huko aliko!” wifi yangu Zawena alicheka huku machozi yakimtoka. “Mbembeleze, wifi.”

Nikambembeleza, akakubali.

Sasa nashona viatu vya watu. Msharasi ukiwa butu naunoa, na kila nikiunoa unafupika.