Papai Juu ya Kisiki

Kwa mara ya nne Ngwembe alilifungua gobore alilolitengeneza kwa mikono yake. Mtutu ulikuwa umenyooka. Alipochungulia ndani yake aliiona mbingu ya asubuhi, ndogo kama kifungo cha shati. Hata hivyo, kila alipopiga, risasi ilipita chini ya papai bivu aliloliweka juu ya kisiki. Na nguruwe mwitu walikuwa wamebakiza matuta mawili tu ya mihogo.

"Lete nikushindilie mimi," alisema mkewe, Semeni. Akampa mgongo, akahangaika nalo kidogo, akamrudishia.

Ngwembe akalenga, akafyatua. Ta! Hakukuwa na moshi wala kishindo. Lakini mtutu ulikuwa umeinamia ardhini, naye amefumba macho.

"Sikutia kitu, Baba Zuhura," Semeni alisema taratibu. "Gobore halina kosa. Unaliogopa."

Ukungu ukapita kati yao. Ngwembe akamnyooshea gobore. Semeni akalichukua tena, akampa mgongo, safari hii kwa muda mrefu.

"Sasa umetia?"

Semeni akamrudishia tu. Ngwembe akaliinua gobore, macho wazi mpaka machozi yakamlengalenga. Nyuma ya papai majani ya muhogo yakatikisika, na pua nyeusi ikajitokeza, ikinusa hewa.