Flaiwili ya Chenge

Bolti ziligoma. Shigela aliizungusha flaiwili kulia, akaizungusha kushoto, lakini matundu ya gurudumu hilo zito la chuma hayakukutana na matundu ya krenki, mhimili wa injini, hata kwa kubembeleza. Ukubwa ulikuwa sawa, uzito pia. Ila haikuwa ya gari hili la Pijo.

"Baba yako alikuwa mtu wa kuokoteza," alisema mama yake, Getruda, aliyekuwa amekaa kizingitini na ungo wa mchele. "Weka yoyote itakayoingia."

Hapo ndipo Shigela alipokwama. Chenge, baba yake, alikuwa na mabaya yake mengi, lakini mbele ya injini alikuwa mtu wa nidhamu. Kila kipuri alichofungua alikigonga vitone kwa msumari wa chuma, na kipuri mwenzake akakigonga vilevile, ili siku ya kufunga visipotezane. Kwa vitone hivyo Shigela alikuwa ameweza kulipanga lundo zima la stoo, pistoni kwa silinda yake, vali kwa tundu lake. Krenki ilikuwa na vitone vitano. Flaiwili iliyokuwa stoo haikuwa na hata kimoja.

"Aliondoka nayo," alisema kwa uchungu. "Alijua bila flaiwili hutaliwasha gari wala hutaliuza. Alitaka ubaki na mzoga uani."

Getruda aliendelea kuchambua mchele kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukuwahi kunyooka vizuri tangu, kama alivyozoea kueleza, alipoteleza kisimani.

Shigela alimchukia baba yake na hakujisumbua kuficha. Alikuwa mtoto wa darasa la tatu Chenge alipoifumua injini hiyo, hapahapa Mkolani, kisha asubuhi moja akawa hayupo. Mtaa ukasema yuko machimboni Geita na mhudumu wa baa. Mjomba Machibya, kaka yake Getruda, ndiye aliyekuja kukusanya vipuri uani na kuvifungia stoo. Siku hizo mjomba alikuwa mvuvi. Muda si mrefu aliuza mtumbwi wake akarudi Magu kulima pamba, na Getruda akabaki na watoto wawili na vicheko vya majirani.

Tena kulikuwa na hili la samaki, lililomkera Shigela kuliko yote. Tangu Chenge aondoke, mama yake hakugusa samaki. Sato hali, sangara hali, dagaa ndiyo hataki hata harufu yake, na amezaliwa na kukulia Mwanza. Majirani walisema ameweka nadhiri mpaka mume arudi. Shigela aliona aibu kwa niaba yake, kwamba mwanamke mzima bado anamngoja mtu wa namna ile.

Sasa mdogo wake, Gladness, alikuwa anaolewa kanisani Butimba. Shigela alikuwa ameapa kwamba mama yao atakwenda harusini amekaa ndani ya Pijo hiyohiyo, apite polepole mbele ya kila aliyemcheka, na kuanzia hapo jina la Chenge lisitajwe tena nyumbani.

"Nitajaribu kwa wavuvi," alisema akifuta mikono. Kila fundi wa Mwanza anajua flaiwili kuukuu huishia wapi. Ni nzito, ina tundu katikati la kupitisha kamba, kwa hiyo wavuvi huigeuza nanga.

"Ziwani hakuna vipuri, baba," Getruda alisema upesi. "Agiza Dar."

Shigela alikwenda hata hivyo. Ufukweni Nyegezi alizipindua nanga za watu mpaka akaanza kuulizwa anatafuta nini. Hatimaye akafika kwenye mtumbwi wa mzee mmoja Mjaluo, Odoyo.

"Shikamoo mzee. Hiyo nanga yako naomba kuiona."

"Marahaba. Itazame tu, haiumi."

Shigela aliikwangua tope kwa bisibisi. Kikatokea kitone, na kingine, hadi vikatimia vitano.

"Mzee, hii uliitoa wapi?"

"Ilinaswa na nyavu zetu kule kwenye kina. Tukajua ni nanga ya mtu imekatika kamba." Odoyo alivuta mnyororo wenye kutu kutoka chini ya mbao za mtumbwi. "Ilikuja na huu. Mpaka leo nacheka. Nani anafunga nanga kwa kufuli?"

Shigela naye alicheka, kicheko kibaya. Alishaelewa. Kumbe baba yake hata hakuibeba. Aliiuza kwa mvuvi fulani, akainywea pombe, ndipo akaenda zake. Shigela alimwachia Odoyo ile flaiwili isiyofaa aliyokuja nayo iwe nanga, akarudi Mkolani na ya baba yake pamoja na mnyororo.

Aliisugua kwa dizeli na brashi ya waya, akalinganisha vitone kwa vitone. Bolti zote ziliingia kwa vidole vitupu. Ingehitaji kupelekwa kuchongwa uso wake ulioliwa na kutu, lakini ilikuwa yenyewe.

"Mama, njoo uone."

Getruda alikuja akijifuta mikono kwa kanga. Aliiona flaiwili ikiwa mahali pake, akasimama.

"Umeitoa wapi?"

"Nyegezi, kwa wavuvi. Iliingia kwenye nyavu zao." Shigela alishindwa kujizuia. "Huyo ndiye mtu unayemwekea nadhiri, mama. Aliiuza kwa ajili ya pombe. Hukustahili kumngoja hata siku moja."

Mama yake hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akiutazama mnyororo pale chini, na kufuli lake ambalo lilikuwa bado limefungwa. Alikaa taratibu juu ya tairi, akaushika mkono wake wa kushoto.

"Na yeye," aliuliza, "wamemzika wapi?"