Nyasi Juu ya Mchicha

“Ndiyo digrii yenyewe hii?” Bi Hamisa aliinua nyasi kavu kwa ncha ya kandambili. “Mchicha umefunikwa utadhani una homa!”

Khalfani akacheka, ingawa hakuona cha kuchekesha. “Ni matandazo, mama. Jua la Pugu likipiga udongo mtupu, maji ya asubuhi yanakauka kabla ya adhuhuri. Nyasi zinayatunza. Zikioza, zinakuwa mbolea.”

“Mie kwangu uchafu haulali, nafagia mpaka uvunguni. Wewe unaokota takataka unazileta shambani!” Akaziba pua kwa mtandio. “Na hicho kinachonuka?”

“Samadi ya kuku, mama. Imeshaoza, hainuki sana.”

“Hainuki! Kwa pua ya nani?”

Mwingine angemjibu. Khalfani aliinama kung'oa magugu. Mwezi uliopita alikuwa amepeleka posa kwa kina Munira, Tabata, na mpaka leo hakuna jibu. Munira mwenyewe ndiye aliyempigia simu kumtahadharisha. Wazee hawakuona sababu ya kumwoza binti yao kwa kijana aliyetoka chuo kikuu akaenda kulima mchicha. Ila kabla ya kukataa, wangetuma mtu wao aje kumtazama, bila kujitambulisha.

“Hata mie hawajaniambia ni nani,” Munira alisema. “Chunga ulimi wako, Khalfani. Atakachosema huyo ndicho hicho hicho.”

Siku chache baadaye ndipo Bi Hamisa alipochungulia uani kwake. Alimuuliza Khalfani mama yake ni mtu wa wapi, kama yeye anaswali, kama kile chumba cha bati kando ya shamba analala peke yake. Khalfani naye akamuuliza anatokea wapi.

“Tabata. Huku nipo kwa binti yangu, kajifungua.”

Kisingizio safi, Khalfani aliwaza; huyu atakuwa shangazi yake Munira. Akamfungia matembele na chainizi, pesa akakataa kupokea. Tangu hapo bibi hakukauka shambani, na kila alipokuja aliondoka na mafungu mkononi na kejeli mdomoni.

Leo alinyoosha kidole kwenye tuta la mbele, lililo karibu na njia. “Hebu toa uchafu huu hapa, nione udongo. Hivi ukioa, mtoto wa watu utamleta kwenye jalala hili?”

Kumbe habari ya kuoa anaijua, Khalfani aliwaza. Akashika reki, akazikwangua nyasi zote mpaka udongo wa tuta ukabaki mtupu. Alijua vizuri anachokiharibu. Bi Hamisa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akabeba mboga zake, akaenda zake bila asante.

Alasiri mchicha wa tuta lile ulikuwa umesinyaa, majani yamelala chini kama vitambaa vilivyolowa. Khalfani alikuwa akilimwagilia kwa hasira aliposikia mtu akipiga hodi. Alikuwa mwanamume mwenye mvi, fulana imepauka, kikapu mkononi.

“Habari za kazi, kijana?”

“Nzuri.” Shikamoo hakuitoa, wala ndoo hakuiweka chini.

“Naona matuta yenye nyasi mboga zimesimama, na hili lisilo na nyasi zimelala. Hizi nyasi kazi yake nini hasa?”

Swali lilimgusa pale pale palipokuwa panauma. Khalfani akamtazama kuanzia fulana mpaka ndala zilizojaa vumbi. Bibi wa watu amemsumbua asubuhi nzima, na sasa huyu naye!

“Mzee, hayo mambo mie nimeyasomea chuo. Nikikueleza hapo ulipo, utaelewa? Nunua mboga uende.”

Mwanamume akanunua fungu moja la mchicha, akashukuru, akaondoka taratibu.

Adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo kwanza inaisha simu ilipoita. Khalfani alipoona jina la Munira, hakumsubiri aanze.

“Enhe, shangazi yako kasemaje? Mwambie na matuta mengine nitayasafisha, asiwe na wasiwasi!”

“Shangazi yupi?” Sauti ya Munira ilikuwa imekauka. “Alikuja baba mkubwa, leo alasiri. Anasema alikuuliza zile nyasi kazi yake nini.”